Mkono na Bibi Betri Ukumbini Houston

Mafundi walikuwa wamekwenda kulala hotelini. Ndani ya ukumbi wa George R. Brown, Houston, roboti za fainali ya FIRST, mashindano ya roboti ya wanafunzi, zilibaki zikipiga domo.

Aliyeanza ni Mkono, alumini tupu, kachongwa kwa mashine ya kompyuta. "Timu karibu 600! Hii fainali au gulio? Ulimwenguni tuko zaidi ya 3,000. Wangeita 60 bora tukamalizana."

"Kwanza salamu," akaguna Betri, kilo sita za risasi na asidi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwaka 1992, mvumbuzi Dean Kamen alipoyaanzisha mashindano haya, zilikuja timu 28 kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja ya Manchester, New Hampshire. Tulipohamia Epcot, Florida, aliyetaka kuja alikuja." (Betri haiishi miaka thelathini, hadithi hizi hurithishwa kwenye chaja.)

"Na zilipozidi?"

"Wakaanza kuchuja. Mwaka 2017 wakagawa fainali mbili, Houston na St. Louis, kila upande timu 400 hivi. Watoto wengi wakaliona jukwaa. Ila mabingwa nao wakawa pande mbili, ikabidi Julai waitwe Manchester wamenyane upya."

"Aibu tupu!"

"Aibu kwako. Mtoto aliyefika St. Louis kwa mara ya kwanza hakuiona."

Bampa, ambaye kazi yake ni kugongwa, akadakia. Yeye ni ubao, maboya ya sponji ya kuchezea bwawani na kitambaa kilichoshonwa na mama wa mwanafunzi. "Kaka Mkono, wewe umefikaje?"

"Kwa ustadi."

"Na mfadhili je? Kuingia msimu ni maelfu ya dola, ukifuzu fainali ni maelfu mengine, bado ndege na hoteli. Hao 60 bora unaowataka wangekuwa majirani wa viwanda."

Hapo Bampa aligusa penyewe. Kuongeza viti ukumbini ni rahisi kuliko kumlipia nauli atakayevikalia.

"Na kuna viza," akasema Betri. "FIRST Global, mashindano mengine ya Kamen, yalianza Washington mwaka huohuo wa 2017. Wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili, wakaruhusiwa dakika za mwisho. Vijana sita wa Burundi walishindana, kisha wakatoweka. Wawili wakaonekana wakivuka kwenda Kanada. Baadaye mashindano yakawa yanahama: Mexico City, Dubai, Geneva."

"Huko wanachujaje?"

"Kila nchi timu moja, na wote hupewa sanduku la vifaa vilevile."

Mkono akatetemeka hadi nati ikalegea. "Vilevile? Sasa mimi ningetoka wapi?"

"Usingezaliwa."

Bampa alicheka mpaka sponji zikatoka nje. Kisha akakumbuka jambo. "Hivi timu yenu ilifuzu kwenye mashindano yapi?"

Mkono akajifanya anakagua gia.

"Nimekuuliza, kaka."

"Hatukufuzu. Tulikuwa kwenye orodha ya kusubiri, tukapigiwa simu."

"Kwa hiyo kwenye wale 60..."

"Bibi," Mkono akamgeukia Betri haraka, sauti imelainika, "hawana mpango wa kuirudisha ile fainali ya pili waliyoiacha?"