Shahidi wa Nyuma: Swichi ya Taa ya Breki kati ya Embu na Meru

Katika sehemu zote za pikipiki, taa ya breki ya nyuma ndiyo pekee ambayo mwenye chombo huigharimia miaka nenda miaka rudi bila kuiona ikifanya kazi, kwa kuwa wakati inapowaka yeye ameipa mgongo, macho yako barabarani na mguu wa kulia uko juu ya pedali. Wahenga waliosema kwamba nyani haoni kundule walikusudia kukemea tabia, lakini kwa mwendeshaji wa bodaboda anayeteremka kuelekea mto Thuci, unaotenganisha Embu na Tharaka Nithi, maneno hayo ni maelezo sahihi ya ufundi wa mitambo.

Swichi inayohusika ni kidude cha plastiki kilichofungwa kwa nati upande wa kulia wa fremu, karibu na pedali, na kushikanishwa nayo kwa springi nyembamba. Pedali inapokanyagwa, springi huvuta kijiti kilichomo ndani ya swichi, vipande viwili vya shaba hugusana, na umeme wa betri, ambao umekwisha kupitia kwenye ufunguo, huifikia balbu. Breki ya mbele nayo ina swichi yake penye mkono wa usukani, na swichi zote mbili huwasha balbu ileile. Kwa hiyo, ikiwa taa inawaka breki ya mbele inapovutwa lakini haiwaki pedali inapokanyagwa, balbu na fyuzi hazina hatia, na mshukiwa amebaki mmoja. Uchunguzi huu hauhitaji spana wala shilingi, na pengine ndiyo sababu haufanywi. Mwenye pikipiki hununua balbu kwanza, kisha fyuzi, kisha huilaumu betri, na swichi huifikia akiwa tayari amelijua duka la spea kuliko anavyoijua nyumba ya mkwewe.

Chanzo cha ubovu kwa kawaida ni udongo. Ardhi nyekundu ya miteremko ya Mlima Kenya, inayostawisha chai na kahawa, hugeuka matope masika yanapoingia mwezi wa Machi, na matope hayo hurushwa na magurudumu hadi kwenye springi. Kisha mwendeshaji, kwa nia njema kabisa, huiosha pikipiki kwa mpira wa maji yenye nguvu, maji yakaingia mahali ambapo matope yalikuwa yameshindwa kuingia, na kijiti kikakwama.

Kijiti kilichokwama huweza kuiacha taa imezimwa au kuiacha inawaka moja kwa moja, na hali hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa maana humfurahisha mwenye chombo. Kila anayemuuliza humhakikishia kwamba taa inawaka, naye huondoka akiwa ameridhika, ilhali dereva wa gari la miraa linalomfuata kasi kutoka Maua ameshaacha kuiamini taa ambayo haijanyamaza tangu Nkubu. Aidha, kuna waendeshaji ambao huzima ufunguo kwenye miteremko ili kuokoa petroli. Hao huzima na taa ya breki papo hapo, hata swichi ikiwa mpya, na kuteremka mlima mzima kimyakimya.

Kubadilisha swichi kwenyewe ni kazi ndogo: springi hunasuliwa, nati hulegezwa, nyaya mbili huchomolewa, na swichi mpya hurudishwa mahali palepale, wala haijalishi ni waya upi uliotangulia, kwa kuwa kazi ya swichi ni kufunga njia ya umeme tu. Taabu huanza wakati wa kupima, kwa sababu fundi aliyeinama penye pedali hawezi pia kuwa nyuma, na hapo ndipo shahidi anapohitajika. Kwenye steji yoyote ya Chuka au Runyenjes mashahidi ni wengi kupita kiasi, na ushahidi wao haulingani. Balbu ya kawaida ina nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 kwa taa ya usiku na mwingine wa wati 21 kwa breki, hivyo mzee anayesema “inawaka” huenda ameona ule wa wati 5, kijana anayesema “bado” huenda alikuwa akitazama simu, na muuza muguka anayesema “imewaka, imezima, imewaka” anaweza kuwa anaripoti kwa uaminifu mguu wa fundi unaotetemeka. Watoto wa shule ndio mashahidi bora, ila huondoka kengele ikilia.

Marekebisho ya mwisho hufanywa kwa kuizungusha nati huku mwili wa swichi umeshikwa usigeuke, maana ukigeuka husokota nyaya na kuzikata: swichi ikipanda, taa huwahi kuwaka, ikishuka, huchelewa. Usiku, ukuta mweupe wa duka huweza kutoa ushahidi wote huu peke yake, kwa kuonyesha wekundu unaozidi kila pedali inapokanyagwa, lakini mafundi wengi bado humpendelea binadamu, kwa kuwa ukuta hauwezi kutumwa dukani kuleta tepu ya kufungia nyaya.