Namna ya Kuwa Kero Ghalani

Hongera kwa cheo. Ulifika Doha kubeba maboksi, na leo umepewa reflekta ya rangi tofauti, redio ya mkononi na funguo za ghala hapa Abu Hamour. Kuanzia sasa kila mtu atakutaka uwe supavaiza poa: mudiri, yaani meneja, anataka malori yatoke kwa wakati, madereva wa foklifti wanataka waachwe wakimbie, vijana wa kupakua wanataka wamalize wakalale. Wakatalie wote. Anayetaka watu wake warudi kambini jioni na vidole vyote kumi hana budi kuwa kero, na kero ina ufundi wake.

Anza kabla shifti haijaanza, dereva akiwa tayari ameshika ufunguo. Mwambie ateremke, aizunguke foklifti yake: matairi, uma, mnyororo wa mlingoti, michirizi ya mafuta ya haidroli sakafuni, breki, honi, taa. Atakujibu kwamba jana ilikuwa nzima. Mwambie leo ni leo, azunguke. Akisharudi kitini, simama hapo hapo mpaka usikie mkanda ukibana. Mkanda ndio utakaowagombanisha kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo mweleze sababu. Foklifti ikianza kulala ubavu, mwili wa binadamu unataka kuruka nje, na wanaoruka ndio wanaoangukiwa na lile paa la chuma lililowekwa kuwakinga. Anayepona ni aliyebaki ndani, amefungwa, ameshikilia usukani kwa nguvu na kuegemea upande usioanguka.

Kisha mpeleke kwenye bamba la uwezo. Madereva wengi wanaisoma tani 2.5 kama ahadi isiyo na masharti. Namba ile hupimwa kitovu cha mzigo kikiwa umbali maalumu kutoka kwenye shina la uma, mara nyingi sentimita 50. Mzigo ukiwa mrefu kuliko hapo, au ukiinuliwa hadi ghorofa ya juu ya reki, uwezo unashuka. Kwa hiyo mzigo utembee chini, uma zikiwa kama sentimita 15 kutoka sakafuni, na ukiziba macho ya dereva, arudi kinyumenyume. Na hakuna kumwinua mtu juu ya paleti. Hata kama ni boksi moja tu lililokwama juu, hata kama ni dakika moja, hata kama mudiri mwenyewe ndiye aliyeomba. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ilihesabu wafanyakazi 50 waliokufa kwa ajali za kazini Qatar mwaka 2020, zaidi ya 500 walioumia vibaya, na 37,600 waliopata majeraha madogo na ya kadiri. Kuanguka kutoka juu kulikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya yale majeraha mabaya.

Ukimaliza na madereva, chuchumaa. Supavaiza kero huchuchumaa sana, kwa sababu nguzo za reki huumizwa chini, usawa wa goti, pale uma zinapogusa wakati wa kukata kona. Utaona rangi imebanduka, chuma kinang'aa, na bati limeingia ndani kidogo, kiasi cha kidole gumba. Wenzako watakuambia liko hivyo tangu zamani na halijaanguka. Usikubali libandikwe utepe wa njano ndiyo iwe dawa. Shusha mizigo yote ya sehemu ile, anzia juu, funga njia, na mwite fundi wa reki. Nguzo iliyopinda inaendelea kubeba hadi siku inapoguswa mara ya pili, na siku hiyo pana mtu amesimama chini akihesabu maboksi.

Joto lina kanuni zake, na hapa sheria iko upande wako, itumie bila haya. Tangu uamuzi wa waziri namba 17 wa mwaka 2021, kazi za nje zinakatazwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Zamani katazo lilianza saa tano na nusu, na lilikuwa la katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti tu. Juu ya hapo, kipimo cha WBGT, kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, kikipita 32.1, kazi isimame saa yoyote ile. Sasa atatokea mtu wa kukuambia kwamba ndani ya kontena si nje. Usibishane naye hata kidogo. Kontena la futi 40 lililopigwa jua tangu alfajiri ni tanuri; lipangie usiku au mapema asubuhi, na ratiba hiyo uipeleke kwa mudiri mwezi Mei, kabla hajaahidi wateja kitu.

Wachunge zaidi waliofika juzi. Kijana aliyetoka Nyahururu au Njombe, mahali pa sweta, hawezi kushushiwa kazi ya mtu aliyekwisha kuzoea Agosti ya Doha. Mwili huhitaji wiki moja au mbili kujifunza kutoa jasho ipasavyo. Mwongezee kazi kidogo kidogo, na maji yawe karibu kiasi kwamba haombi ruhusa kuyafuata. Ukimwona anajibu mambo yasiyoeleweka, anayumba au anatapika, usimwambie akapumzike kidogo. Mtoe kwenye joto, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na upige 999 wewe mwenyewe. Usisubiri mandubu, yule mtu wa kampuni wa kushughulikia karatasi, apokee simu.

Kuhusu viatu, sheria ya kazi ya Qatar namba 14 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi hatari za kazi tangu anapoanza, na inamkataza kumkata mshahara kwa ajili ya vifaa vya kumkinga. Mshahara wa chini hapa ni riali 1,000 kwa mwezi. Ukisikia kijana amekatwa pesa ya buti, nenda ofisini siku hiyo hiyo. Halafu mtazame miguuni: mara nyingi stoo haina saizi yake, amepewa kubwa akajaza soksi mbele, na anapanda ngazi hivyo hivyo. Mrudishe stoo. Asipande kitu mpaka apate saizi yake.

Maelezo yenyewe usiyatoe kwa kuuliza, "Umeelewa?" Ghala moja lina Mnepali, Mbangladeshi, Mkerala, Mkenya na Mganda, na wote watakujibu "yes sir" kwa adabu kamili. Sema, "Nionyeshe." Akikosea, mwonyeshe tena, kwa mikono, na umtafute mwenzake wa lugha yake.

Mlango wa dharura usukume kwa mkono wako kila asubuhi hadi ufunguke wote na uone nje. Msimu wa Ramadhani shehena hujaa, na paleti za kwanza kukosa nafasi huegeshwa hapo mlangoni. Kufuli iliyotiwa kwa kuogopa wizi itolewe. Doha inajua uchungu huu: tarehe 28 Mei 2012 moto katika jengo la maduka la Villaggio uliua watu 19, wakiwemo watoto 13 waliokuwa kwenye kituo cha malezi, pamoja na wazimamoto wawili walioingia kuwaokoa.

Yote hayo hayatafaa kitu kama kijana wa chini kabisa haruhusiwi kusema "simama". Huyu ana deni la wakala aliyemleta, ana wadogo zake wanaosubiri karo, na anaamini kwamba anayesimamisha kazi hukatiwa tikiti ya kurudi. Siku atakapoinua mkono kwa mara ya kwanza, pengine atakuwa amekosea, na lori litakuwa linanguruma getini. Mshukuru mbele ya wote. Kakague alichokiona, kisha uende wewe kwa mudiri ukajibu kwa nini lori limechelewa. Ukimfokea mara hiyo moja, hutasikia sauti nyingine, utasikia kishindo.

Mwisho, nunua daftari. Ajali ikitokea, matibabu ni gharama ya mwajiri, na aliyeumia vibaya au kufa huripotiwa mara moja polisi na kwenye idara ya kazi. Hilo liko kwenye sheria hiyo hiyo ya 2004. Lakini daftari liwe hasa la zile zilizokosa kutokea: boksi lililoanguka pasipo mtu, foklifti iliyofunga breki hatua mbili kutoka kwa mfagiaji. Andika saa, mahali na kilichorekebishwa. Lining'inize karibu na mashine ya maji, na kalamu yake imefungwa kwa uzi, kila mtu aandike kwa lugha anayoiweza. Ya Kinepali ukishindwa kuisoma, mwite Mnepali akusomee kabla foklifti ya kwanza haijawashwa.