Poirot na Bili ya Bethidei

Shoga yetu katimiza miaka, akatuita kwake tutazame sinema kabla ya kwenda kula mchana. Akachagua Murder on the Orient Express, ile ya 1974 ya Sidney Lumet, Albert Finney akiwa Hercule Poirot. Garimoshi limekwama kwenye theluji, tajiri kachomwa kisu mara 12, na kila abiria ana shahidi kwamba yeye alikuwa kwingine. Sebule nzima ikageuka kituo cha polisi. Kaka mmoja, ambaye hata simu yake mwenyewe huitafuta huku kaishika, akatutajia muuaji kabla maiti haijaonekana.

Tukammwagia ndoo ya maji mwenye siku yake, kama ilivyo ada, tukaongoza mkahawani. Wakaja pweza, kuku wa kupaka, majagi ya juisi ya ukwaju, na sinia la kamba ambalo mpaka leo halina mwenyewe. Kisha ikaja bili.

Kamba? Hakuna aliyewagusa. Kaka kachero alikuwa msalani muda wote, na mashahidi anao. Dada wa ukwaju alikuwa anaonja tu. Mwingine simu imezima, na hela zote, bahati mbaya, zimo humo humo. Lumet, maskini, alihitaji nyota kama Sean Connery na Ingrid Bergman, ambaye alipata Oscar kwa kazi hiyo, ili apate waongo wa kiwango hiki.

Mwenye bethidei, nywele bado zimelowa, akalipa. Makachero tukamwimbia tena.