Kisa cha Jina la Chicha

Ijumaa iliyopita, katika walima wa ndoa niliouhudhuria kwa kanzu mpya na kofia ya viua iliyopigwa wanga, mzee mmoja mwenye heshima zake aliniinua mbele ya hadhara ili anijulishe kwa jamaa wa bwana harusi, akasema kwa sauti iliyofika hata kwa wanawake waliokuwa uani: “Huyu ndiye yule Bwana Chicha.” Watu wakacheka hata pumzi zikawaishia, nami, ambaye tonge la biriani lilikuwa limekwisha fika mdomoni, nikalirudisha sahanini. Fedheha ile ingali mbichi, na kwa kuwa wasomaji nao huniuliza kwa nini safu hii ikapewa jina la makapi ya nazi, nimeona ni afadhali kisa kisimuliwe na mwenyewe kuliko kuachiwa mahasidi.

Ilikuwa Pangani, kwa wakwe zangu, siku ambayo wanawake wote wa nyumba waliitwa ghafula kwenye msiba mtaa wa pili. Mama mkwe, ambaye kwa haya zetu za kipwani hakupata kusema nami ila kwa nyuma ya mlango, aliniachia maagizo mafupi: “Mwanangu, nazi zi kapuni. Zikune, uzikamue, uniwekee kabatini.” Nimwekee nini, hakusema, na hapo ndipo ilipo hoja yangu yote, wala sijamwona kadhi aliyeweza kuivunja.

Msomaji asiyepata kukalia mbuzi ya nazi hana budi afahamishwe kwanza chombo chenyewe, maana ni katika hikima kubwa za watu wa pwani. Ni mbao mbili zilizopishana zikawa kigoda cha kukunjika, na ule ubao mrefu umetokeza mbele, nchani mwake pamepigiliwa ulimi wa chuma wenye meno ukingoni. Mkunaji huifumbata nusu ya nazi kwa mikono miwili, akaizungusha juu ya meno yale akianzia ukingoni na kuingia ndani kidogo kidogo, na lazima aijue saa ya kuacha, kwani chuma kikifika kwenye ngozi nyeusi ya nyama ya nazi, tui huharibika rangi. Kisha nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikafikichwa, ikaingizwa katika kifumbu, yaani mfuko mrefu uliosukwa kwa ukindu, kikasongolewa mpaka litoke tui la kwanza, zito. Hutiwa maji tena, likatoka la pili, jepesi. Na utazame adabu ya mpango huu: lile jepesi ndilo litanguliao chunguni kuivisha chakula, na lile zito, bwana wao, huja mwishoni, nalo sharti likorogwe bila kusita, kwani likiachwa lichemke peke yake hukatika, mafuta yakaenda kwao na maji kwao. Ningeweza kuyaeleza haya mpaka adhana ya magharibi.

Kazi zote hizo nilizifanya sawasawa, ila tu mbuzi ilijikunja nilipoegemea, ikaitafuna kanzu yangu tangu pindoni hata gotini. Nilipokwisha kukamua, mbele yangu palikuwa na bakuli la maji meupe yaliyovurugika, na fungu la nazi safi, laini, iliyonitoa jasho. Aoshaye mchele humwaga maji akaweka mchele. Nami, kwa mantiki iyo hiyo, nikayamwaga maji yale shinani mwa mpapai, nazi nikaipanga katika sahani ya kaure, nikaifunika kawa, nikaiweka kabatini kwa taadhima.

Mama mkwe aliporudi alifunua kawa, akanyamaza kitambo, kisha akasema, wala safari hii si nyuma ya mlango: “Mwanangu, hii chicha ni ya kuku.” Kuku wakaitwa. Samaki wa kupaka akageuka samaki wa chumvi, na kabla ya isha laqabu yangu ilikuwa imekwisha vuka mto.

Hapa ucheshi huniishia. Mashemeji waliopiga vicheko walikuwa barazani wakicheza bao tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja wao aliyepata kukalia mbuzi. Mama yao amekuna nazi tangu utotoni hata viganja vikaota sugu, na hakuna aliyemtungia jina wala kumpa pole. Leo hao hao hununua tui la mkebe lililovuka bahari, ilhali wamekaa chini ya minazi iliyosalimika na ugonjwa wa kunyong’onyea, na wakiutoboa mkebe kwa kisu hujiona mafundi. Na jina langu, nililopewa siku ya saba kwa kuchinjiwa mbuzi wa akika, likafutwa na mbuzi ya mbao! Sultani Sayyid Said aliamuru Unguja kwamba kwa kila mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Wanahistoria husema ni kwa ajili ya biashara, lakini mimi nashuku kwamba naye alipata kutumwa kukamua.

Yaliyofuata si ya kusimulia: Idi moja niliwatilia wageni chumvi katika chai, na nyingine nikamfungia paka ndani ya kabati la samaki. Mhariri alipotaka jina la safu, nilimpelekea majina ya fahari, yenye nuru na busara ndani yake. Akayasoma, akayaweka kando, akaniuliza kama ni kweli nimeoa Pangani. Kumbe na mkewe ni mtu wa huko.