Namna ya Kusifiwa kwa Maua Usiyoyahangaikia

Mgeni akifika kwako Nangara, hapa Babati, kabla hujamvutia kiti ameshakikagua kibaraza. Unalijua hilo, ndiyo maana umenunua maua mara nyingi, na mara nyingi yamekauka. Usijilaumu, ndugu yangu. Ulichagua maua yanayotaka kuhudumiwa asubuhi na jioni. Mimi nakupa yanayompenda mtu mvivu: kaktasi ndogo, zile zinazoenea kwenye kiganja. Fuata hatua hizi na utasifiwa kwa kazi ambayo sehemu kubwa itafanywa na hali ya hewa ya Babati.

Hatua ya kwanza: nunua iliyokwisha kubeba vitumba

Mbegu waachie wenye subira. Kaktasi ya mbegu huweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza, na wewe una wageni Jumapili. Ukifika kwa muuza miche, inama uitazame vizuri. Mammillaria hupanga vitumba kuzunguka kichwa, kisha hutoa pete ya maua madogo, mengi yakiwa ya waridi. Echinopsis hutoa kitumba chenye manyoya ubavuni. Schlumbergera ina mapingili bapa yanayoning'inia, haichomi, na maua yake hutokea kwenye ncha.

Jihadhari na ua lililobandikwa. Wapo wauzaji wanaogundisha ua kavu la rangi kali juu ya kaktasi kwa gundi ya moto. Ua la kweli ni laini, lina unyevu, na hunyauka baada ya muda mfupi. La gundi ni kavu, na miezi mitatu baadaye liko vilevile. Ukiligundua umeshafika nyumbani, usilibandue kwa nguvu, litaondoka na ngozi ya mmea.

Na ile yenye kichwa chekundu? Hilo si ua. Ni mimea miwili: kichwa ni Gymnocalycium isiyo na kijani cha kujitengenezea chakula, imebebeshwa juu ya shina la kaktasi nyingine inayoilisha. Nunua ukiipenda, ila usiitenganishe ukidhani utapata mbili.

Hatua ya pili: jua cha kumwambia mgeni

Heshima ya mtaalamu hupatikana kwa maneno machache yaliyo sahihi. Mwambie kwamba kaktasi zote asili yake ni bara la Amerika, isipokuwa moja tu, Rhipsalis baccifera, ambayo huota yenyewe pia katika misitu ya Afrika, Tanzania ikiwemo, ikining'inia kwenye miti. Kisha mwoneshe vitakia vidogo vya manyoya ambamo miiba huchomoza. Kaktasi ya kweli inavyo. Mnyaa wa uani kwako hauna, hata uwe mnene namna gani.

Mnyaa wenyewe usiudharau. Ndio ambao Wamasai huuita emanyara, na kutokana nao Ziwa Manyara lilipata jina, kisha mkoa wetu ulipoanzishwa 2002 ukalichukua. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huumiza vibaya sana, kwa hiyo ukishaukata nawa mikono kabla hujagusa uso, na watoto wasiuchezee.

Hatua ya tatu: okoa fedha kwenye chombo

Kopo la Blue Band linatosha. Kopo la rangi lililooshwa linatosha. Kikombe cha bati kilichokatika mkono kinapendeza zaidi ya vyungu vingi vya dukani. Sharti ni moja tu: matundu chini. Plastiki itoboe kwa msumari wa moto, bati kwa msumari na nyundo. Chombo kiuzidi mmea kwa upana wa kidole kimoja au viwili, basi. Kikubwa mno hubaki na unyevu ambao mizizi haiwezi kuumaliza.

Udongo wa shambani peke yake hushika maji mno. Changanya nusu kwa nusu na mchanga wa korongoni uliooshwa, utie na kokoto ndogo. Wakati wa kupanda, zungushia mmea gazeti lililokunjwa ushike hilo gazeti. Vinyweleo vya mpungate vikikuingia kidoleni, bandika selotepu uivute.

Hatua ya nne: panga jua na paa

Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na karibu nyuzi 4 kusini ya ikweta. Jua lake ni kali. Mmea uliotoka kivulini dukani ukiuanika ghafla utapata mabaka meupe ambayo hayafutiki, kwa hiyo uweke chini ya neti au mti kwa wiki mbili, ndipo uusogeze. Kumbuka kwamba kuanzia Aprili mpaka Agosti jua hupita upande wetu wa kaskazini; kibaraza kinachotazama huko hupata mwanga mzuri miezi yote ya ukavu. Mvua zikianza, vyombo viwe chini ya bati, lakini si pale maji ya paa yanapodondokea.

Hatua ya tano: usifanye kitu

Siri yote iko hapa, nisikilize vizuri. Kaktasi nyingi ndogo za kwao jangwani na milimani huandaa vitumba zikiwa zimepumzika: ukavu na ubaridi, miezi miwili mitatu. Ulaya wakuzaji wa kaktasi huzihamishia vyumba visivyowashwa joto ili zipate mapumziko hayo. Wewe huzihamishi popote. Mvua za Babati huisha karibu na Mei, na Juni na Julai usiku unajifunika blanketi. Kazi imeshafanyika.

Kwa hiyo kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti, weka ndoo chini. Zilizo kwenye makopo madogo sana zipe maji kidogo mara moja kwa mwezi. Septemba anza kumwagilia sawasawa: mwaga mpaka maji yatoke chini, yamwage yaliyotuama kwenye kisahani, kisha ngoja udongo ukauke kabisa. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini. Kikitoka na udongo uliong'ang'ania, ondoka. Maji mengi ndiyo yanayoua kaktasi majumbani. Kama nyumbani kuna mtoto anayependa kumwagilia, mpe mchicha.

Schlumbergera ndiyo inayotaka tofauti. Hii ni ya misitu ya Brazili, hupenda kivuli chepesi na udongo usiokauka kabisa. Huchanua inapopata usiku mrefu au usiku wa baridi. Huku kwetu urefu wa usiku haubadiliki sana, basi tegemea baridi: ilaze nje Juni na Julai. Ikishatoa vitumba usiihamishe hata ukumbi ukiwa mtupu, itavipukutisha.

Yurea isiikaribie yoyote kati ya hizi. Mmea utanenepa, utalainika, na hutaona ua.

Hatua ya sita: waalike kwa wakati

Echinopsis ina ua kubwa ambalo shingo yake huweza kufikia sentimeta 20. Hufunguka jioni, na kwa aina nyingi kesho yake mchana limeshalegea. Kwa hiyo chunguza kitumba kila jioni. Kikirefuka ghafla na ncha ikaanza kulegea, piga simu: waambie waje kunywa chai leo saa moja usiku. Weka chombo penye taa, karibu na sukari, mahali ambapo kila mkono utapita. Picha zipigwe usiku huohuo. Usieleze kwamba hukufanya kitu miezi mitatu, maana huo ndio utunzaji wenyewe na mtu asiyeujua hataamini.

Hatua ya saba: ikiharibika, ficha kwa kisu

Siku moja utaikuta laini na ya kahawia chini. Usiitupe, na usimtangazie mtu. Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, kata juu ya palipooza, endelea kukata vipande vyembamba mpaka uone nyama safi isiyo na doa la kahawia. Kipande cha juu kilaze kivulini, pakavu, wiki moja mpaka mbili, kisha kisimamishe juu ya mchanga mkavu. Kitatoa mizizi. Kaktasi yako itakuwa fupi kidogo, na wageni watasema umeipogoa. Ukiona utando mweupe wa pamba kati ya miiba, hao ni vidung'ata. Wapake spiriti kwa kijiti chenye pamba, rudia kila wiki mpaka waishe.

Jambo moja usilichukulie kwa urahisi: vipande vya mpungate usivitupe korongoni wala porini. Kila kipande huota. Laikipia, Kenya, mpungate wa aina ya Opuntia stricta umetapakaa kwenye malisho na miiba yake hujeruhi midomo na matumbo ya mifugo, mpaka kikaletwa kidudu maalumu cha kuushambulia. Nasi Manyara tunaishi kwa ng'ombe na mbuzi. Vipande hivyo vikaushe juani mpaka viishe uhai, kisha vichome.

Hatua ya mwisho: gawa watoto

Mammillaria na Echinopsis nyingi huzaa watoto ubavuni. Mtoto akifika ukubwa wa limau dogo, mzungushe taratibu ang'oke, na umpe yule jirani aliyekusifia kwa sauti kubwa kuliko wote. Kila atakapokaribisha mgeni, jina lako litatajwa. Mwambie amwache kivulini wiki nzima mpaka kidonda kikauke, ampande kwenye mchanga mkavu, na maji yasubiri wiki nyingine moja. Akisema ni muda mrefu mno, mpe mche wa mchicha.