Macho ya Kijivu kwenye Sendofu

Kamati ya sendofu ya binti yetu mkubwa ilijadili kila kitu: sare, mapambo, pilau, hadi nani atamshika bibi mkono akiingia ukumbini. Jambo moja halikufika kikaoni. Wadogo zake wawili walikuwa wameagiza lenzi za macho za rangi ya kijivu, ziendane na magauni yao. Muuza vipodozi wa mtandaoni aliwatumia kwa bodaboda, zimo ndani ya vichupa vya kioo vyenye vizibo vya mpira. Hakuwauliza kama wamewahi kupimwa macho.

Siku ya siku, nyumba nzima ikasimama. Lenzi ya yule mdogo zaidi ilimponyoka bafuni, na shangazi zake wakapiga magoti sakafuni na tochi za simu, kila mmoja akimkataza mwenzake asikanyage. Mpambaji alikuwa mlangoni akilalamika kwamba muda unakwenda. Mama mdogo ndiye aliyeiona, imenasa ukingoni mwa sinki. Dawa ya kuzioshea ilikuwa imeshamwagika, basi mtoto akaisuuza kwa maji ya bomba, akaivaa.

Maji hayo ndiyo yanayonitia hofu hadi leo. Hata maji safi ya kunywa yanaweza kuwa na amiba iitwayo akantamiba, ambayo tumboni haina neno, lakini ikinaswa kati ya lenzi na jicho inaweza kuila konea, ule utando angavu wa mbele tunaoonea. Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake nyingi huipata kwenye hewa, kupitia machozi. Lenzi isiyolingana na mpindo wa jicho huibana na kuichubua, na penye mchubuko bakteria hupata mlango. Marekani tangu 2005 sheria inaihesabu kila lenzi kuwa kifaa cha tiba, hata ile ya urembo tu, na haiuzwi bila cheti cha mtaalamu wa macho. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Lenzi si wanja.

Sherehe ilifana. Tulirudi usiku wa manane, miguu imevimba. Dada mtu alinawa mikono, akazivua lenzi zake kabla ya kufuta vipodozi, akalala salama. Mdogo alijitupa kitandani nazo machoni.

Asubuhi alikuwa amejifunika kanga gubigubi, hataki hata pazia lifunguliwe. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, linatoa usaha, na katikati pameanza doa jeupe. Bibi yake akataka maziwa ya mama anayenyonyesha, na tayari mtu alikuwa ametumwa kwa jirani. Mwingine akaleta kitambaa cha kulifunga. Baba yake akakataa vyote viwili. Alimwambia azivue zile lenzi, akazichukua na vichupa vyake, akamtia mtoto kwenye gari.

Hospitalini daktari wa macho alimdondoshea rangi ya manjano, akammulika kwa taa ya buluu, na kidonda kikang'aa kijani juu ya konea. Alichukua sampuli, akazipokea na lenzi zipelekwe maabara. Alisema jicho la namna hiyo halifungwi, maana joto na giza vinawastawisha vijidudu. Dawa ilikuwa ya matone, kila saa, mchana na usiku.

Ndipo nyumba ilipoingia zamu. Masufuria ya sherehe hayajarudishwa, wageni wa bara bado wamelala sebuleni, na kila saa simu inalia, mtu anaamka kutia tone. Bibi mwenyewe alishika zamu ya alfajiri, na hakupitiwa na usingizi hata mara moja. Jicho limepona, ila limebaki na kovu dogo.

Mwenye harusi mbele yako, ukitaka macho ya rangi, nenda kwa mtaalamu wa macho wiki kadhaa kabla. Upimwe, ufundishwe kuvaa na kuvua, na ununue dawa yake ya kuoshea. Usiazimane lenzi na mtu, usilale nazo, usiziguse kwa maji wala mate. Na jicho likiuma, likiwa jekundu au likiukimbia mwanga, vua lenzi, nenda nazo hospitali siku hiyohiyo.