Azimio la Arusha Lilipotangazwa Mwaka 1963

Chukua kikundi chochote cha watu wenye nia njema walioamua kuandika historia ya mji wao kwenye tovuti yao wenyewe, kwa maandishi matupu yasiyo na urembo. Mmoja wao, tuseme mwalimu mstaafu, anaandika mistari mitatu: 1961, nukta, Uhuru wa Tanganyika; 1964, nukta, Mapinduzi ya Zanzibar; 1967, nukta, Azimio la Arusha. Anahifadhi, anafungua ukurasa, anakuta Mapinduzi yamefanyika 1962 na Azimio limetangazwa 1963, kabla Tanzania yenyewe haijazaliwa. Hakuna aliyehujumu taifa. Kosa ni la Markdown, mtindo wa kuandika uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, ambao ukikuta tarakimu na nukta mwanzoni mwa mstari huamini kwamba umeanza orodha ya namba. Programu nyingi zinazousoma huheshimu namba ya kwanza tu. Zinazofuata zinajihesabia zenyewe. Kwao historia ni foleni ya benki: akitoka mmoja, anaingia anayefuata.

Na hicho ni kisa chepesi. Kizito ni cha ng'ombe. Baadhi ya simu hupenda mapambo, kwa hiyo ukigonga ritifaa iliyonyooka zinakuwekea iliyopinda. Kwa jicho la binadamu ng'ombe ni yule yule. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili zisizo na undugu, na kwenye wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri, kiungo cha Ng’ombe mwenye ritifaa iliyopinda kinawaka wekundu, maana yake ukurasa huo haupo, ilhali ukurasa wa Ng'ombe mwenye ritifaa iliyonyooka upo, umenona, una hata picha. Mwanachama mwenye bidii anauona wekundu, anasikitika kwamba jamii ya wafugaji haina makala ya ng'ombe, anaandika nyingine. Halafu anakuja yule aliyefundishwa shuleni kwamba aya huanza kwa kuingia ndani kidogo. Kwenye MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, nafasi moja tu mwanzoni mwa mstari huitia aya yake ndani ya sanduku, kwa herufi za taipureta, pamoja na jina la chifu aliyekuwa anatajwa mwishoni.

Msomaji mwenye busara atasema basi tuachane na maandishi matupu. Mimi visa hivi ndivyo vinavyonifanya niyatetee. Tazama tena ile miaka. Ukurasa unasema 1963, lakini ukifungua faili lenyewe, 1967 imekaa pale pale alipoiweka mwalimu, inasomeka kwa simu yoyote, na dawa yake ni kuandika neno "Mwaka" mbele ya tarakimu. Kosa liko wazi, na mjukuu wake anaweza kulirekebisha bila kununua chochote. Linganisha na njia tuliyoizoea, ya kutumiana nyaraka kwa barua pepe: Historia_mwisho, Historia_mwisho_kabisa, Historia_mwisho_kabisa_ya_Katibu(2). Zote zimepangwa vizuri, zote zina jalada, na hakuna mtu hata mmoja, Katibu akiwemo, anayejua ni ipi yenye sura ya bandari.

Wapo wanaodai kwamba watu wa kawaida wataziogopa alama hizi. Wataziogopaje? Wajomba na mashangazi wa makundi ya WhatsApp wanazungushia neno *MICHANGO* vinyota miaka yote hii ili litoke kwa wino mzito, na hakuna aliyewapeleka semina. Wenye dai hilo watauliza pia kwa nini kundi la WhatsApp lisitoshe. Halitoshi kwa sababu maarifa humo hayana pa kukaa: maelezo mazuri ya kufuatilia hati ya kiwanja yanatumwa Jumatatu, ifikapo Jumatano yamefunikwa na maua ya asubuhi njema, na Ijumaa mtu anauliza upya.

Pingamizi zito zaidi ni lile la wahenga, kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Kweli huenda. Ila tangu Ward Cunningham afungue wiki ya kwanza mwaka 1995, watu wamejifunza kutunza kila toleo la ukurasa, na leo mtu akifuta historia ya mji mzima kwa kidole kizembe, mwingine anairudisha kabla chai haijapoa. Hata Git, programu ya kutunza matoleo ya faili iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, wawili wakigongana kwenye mstari mmoja haimpendelei yeyote: inaweka maneno ya wote wawili kati ya safu za mishale na kuwaachia waelewane. Wengine huona hiyo ni jeuri. Mimi naona ni adabu, maana programu inakiri haijui nani kati ya wazee wawili anakumbuka vizuri.

Kinachokwamisha kweli si alama wala manahodha. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na ndani yake kata nyingi za Tanzania zina ukurasa unaotaja wilaya, mkoa na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, kisha chini kuna tangazo kwamba makala bado ni mbegu. Sensa imejua watu wako wangapi. Hakuna aliyesema wanalima nini, mto unaitwaje, wala kwa nini soko linakaa siku ile. Wanaojua hayo wako hapo hapo kwenye kata, na simu wanazo. Tafuta ukurasa wa kata yako usiku huu. Kitufe cha kuhariri kiko juu ya ukurasa; anza na jina la mto.